Mzee wa Saa Tano

Hakukaa kabla hajaulizia mtandao. "Mama, leo upo?" aliuliza akiwa bado mlangoni, anafuta tope la mabuti kwenye gunia nililotandika, na nilijua vizuri kwamba haniulizii mimi. Ukiwepo, alivuta kiti cha plastiki mpaka mbele ya kompyuta ya pili, ile yenye kioo kikubwa, akavua kofia na kuiweka gotini. Usipokuwepo alibaki amesimama palepale kama mtu aliyechelewa mazishi, kisha akasema "basi, kesho," akarudi mvuani. Ilikuwa kila mara saa tano asubuhi, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa miaka tisa. Wateja wangu wakamwita Mzee wa Saa Tano. Jina lake nalijua, nimelitoa kopi mara nyingi kwenye kitambulisho chake, lakini hapa nitamwacha na hilo tulilompa sisi.

Nina duka la stationery hapa Mpanda, karibu na soko: kopi, kuprinti, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi. Watu huniletea shida za karatasi. Yeye aliniletea shida ya mlima. Siku ya kwanza alinipa kikaratasi chenye anwani ya mtandaoni, kimeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili, akaniomba nimfungulie. Ikaja picha ya mlima mweupe, mweupe mpaka mwanga wa kioo ukatupiga usoni, na chini yake jengo refu la mbao, na watu wadogo wadogo wengi wenye nguo za kila rangi. Nikadhani anataka kuprinti kalenda. Akasema hapana, tukae tu, itabadilika. Baada ya dakika kumi ikabadilika kweli: mlima uleule, watu wengine. Ilikuwa kamera iliyofungwa kwenye nguzo huko Austria, inayopiga picha kila dakika kumi ili watalii waone hali ya theluji kabla hawajatoka hotelini. Sidhani kama kuna mtalii aliyeitazama kama huyu mzee wangu.

Alikuwa amefanya kazi pale majira kumi na mawili ya baridi. Alikwenda kwanza kama seremala, na padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao kabisa, aliyetaka fundi wa kumtengenezea madirisha ya nyumba ya ndugu yake. Madirisha yakaisha, fundi akabaki. Kule milimani, alituambia, baridi ikianza kazi zote hugeuka kazi za theluji, na yeye wakamweka kwenye viti. Kuna waya mnene unaopanda mlima, umening'iniza viti, unazunguka kutwa nzima. Watu wanakaa na mbao zao ndefu miguuni, wanapandishwa juu, halafu wanashuka wenyewe kwa kuteleza. Yeye alisimama chini, wanapopandia. Alishika kiti kisimgonge mtu nyuma ya magoti, akapanga watu wawili wawili, na mtoto akianguka akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Alfajiri, kabla wenye pesa zao hawajaamka, alikuwa anazoa theluji kwa sepetu.

Aliziita "mbao" siku zote, kwa sababu ni seremala na kwa sababu, nadhani, hakutaka kuonekana anajivunia maneno ya kigeni. Siku moja dereva wa bodaboda, baba mzima mwenye watoto wanne, alikuwa anasubiri kopi ya leseni akaitazama ile picha begani kwa mzee.

"Kwa hiyo mzee, hao wanalipa ili washuke?"

"Wanalipa wapandishwe. Kushuka ni juu yao."

"Na huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Upepo tu."

Yule bwana akacheka mpaka akashika meza. Akasema hao watu waje barabara ya Kakese mwezi wa pili, watateleza bure na pikipiki juu. Mzee hakucheka. Alijibu kwamba barabara ya Kakese haina mtu wa kukwambia ukunje magoti. Hilo la magoti lilikuwa neno lake kwa mambo yote. Mtu akiwa na kesi ya shamba, akiugua, akigombana na mkewe, mzee alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Kunja magoti. Ukisimama wima unaanguka." Watu wakaondoka hawajaelewa kama wamepewa ushauri au la.

Alipenda kuwasema wale watelezaji. Huyu kakaa nyuma mno. Huyu mikono kaiacha kama mtu anayefukuza ndege wa mpunga. Yule mama atavunja kitu leo. Nikamwuliza siku moja, maana nina mdomo, yeye mwenyewe alishuka mara ngapi katika majira kumi na mawili. Akafikiri. "Nusu," akasema. Siku ya mwisho ya msimu wake wa kwanza wenzake walimwazima mbao, wakampandisha, wakamsukuma. Nusu ya juu aliishuka kwa makalio, nusu ya chini kwa miguu, mbao begani, na watoto wa miaka minne wakimpita kama swala. Hakujaribu tena. Mambo yote aliyoyajua kuhusu kuteleza aliyajua kwa kutazama.

Na baridi aliichukia. Mwezi wa saba, Mpanda inapopoa kidogo asubuhi, alivaa sweta mbili na koti, na soda akiletewa kutoka kwenye friji aliiacha juani kwanza. Niliona ajabu mtu wa namna hiyo kushinda anatazama theluji, wakati nje mvua inapiga mabati hata hatusikilizani. Nikimtania alisema barafu ya kuitazama haina ubaya.

Kitu kingine alichotoka nacho kule ni kutoondoka kabla ya wa mwisho. Jioni, wakifunga mlima, aliyekuwa juu alipiga simu chini kusema kiti namba fulani ndicho cha mwisho, na aliyekuwa chini hakuzima mtambo mpaka akione kiti hicho kimefika kitupu, na wenzao wenye mbao wameteremka njia zote wakikagua nani kabaki. "Mlima haufungwi mpaka wa mwisho ateremke," alisema, na hiyo aliisema kama watu wengine wanavyosema Amri Kumi. Hapa Mpanda ikawa tabia. Kanisani, misa ikiisha, alisimama mlangoni mpaka kanisa liishe watu. Treni ya Kaliua ikiingia na yeye akiwa maeneo ya stesheni, alisimama mpaka abiria wa mwisho ashuke na mizigo yake, na watu walidhani anampokea mgeni. Kwenye misiba alibaki mpaka majirani wamekunja turubai. Wengi walimpenda kwa hilo. Wachache walisema hana kwake pa kurudi, na hao hawakuwa waongo.

Nilifika kwake Makanyagio mara chache, kumpelekea fomu. Vyumba viwili, karakana ndogo uani. Alichonga vitanda vya watu, vya futi sita kwa sita, vyenye maua kwenye ubao wa kichwani, kwa maharusi wa mji mzima. Chake kilikuwa chembamba kama cha bweni. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi, aliwahi hata kuposewa mjane mmoja na ndugu zake wa kwao Mpimbwe, mama mwenye heshima zake. Alimchongea kabati zuri, akamshukuru, mambo yakaishia hapo. Na mimi hakuniita "binti" hata siku moja, ingawa wazee wote wa rika lake huniita hivyo. Niliitwa "mama" kama muuza nyanya. Mwanzoni ilinikwaza.

Sababu niliijua msimu wa tatu. Aliweka kidole kwenye kioo, jambo nililowakataza watu wote, juu ya doa jekundu lililokuwa limezungukwa na madoa madogo. "Yule pale," akasema. "Anafundisha watoto."

Alikuwa binti yake. Alimzaa kule na mwanamke wa mji ule, mpishi wa hoteli, wakaoana kwa padri. Binti alikuwa na miaka saba habari ilipofika kwamba baba yake mzee, yaani babu wa mtoto, amefariki huku Mpimbwe. Kazini wakampa ruhusa ya wiki tatu. Akamwambia mtoto wiki tatu, wakahesabu kwenye kalenda ya jikoni. Kufika nyumbani akakuta baba ameshazikwa, lakini yeye ndiye mwana wa kwanza, na kwao mwana wa kwanza haondoki kabla tanga halijaanuliwa. Wazee wakakaa. Wakasema mwaka ule chakula kimepungua, wageni watakaokuja ni wengi, na mtu mkubwa kama marehemu haagwi kwa chakula cha kukopa. Tanga litaanuliwa mpunga ukishavunwa. Ilikuwa Januari. Mpunga ulikuwa bado kijani.

"Ningeondoka tu," aliniambia, "wangenilaani midomoni, moyoni wangenielewa. Lakini nilijisemea, kazi yangu ni ipi? Kazi yangu ni kubaki mpaka wa mwisho."

Akabaki. Mpunga ukavunwa, pombe ikapikwa, tanga likaanuliwa, yeye akakalishwa kwenye kigoda cha baba yake. Kibali chake cha kurudi Austria kilikuwa kimekufa mwezi wa nne. Akaomba kingine, akaambiwa alete hiki, akakileta, akaambiwa alete kile. Wakati huo simu ya Mpimbwe ilikuwa mpaka ufunge safari. Mkewe alisubiri mwaka, kisha akachoka, na siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ningechoka mapema zaidi. Mzee akahamia Mpanda ili awe karibu na posta. Aliandika barua, hesabu yake hakuniambia. Iliyojibiwa ilikuwa moja tu, na aliyejibu hakuwa binti wala mama yake. Alikuwa ni mwenzake wa kazini, yule wa kupiga simu kutoka juu. Huyo ndiye aliyemwandikia ile anwani ya kamera, na habari kwamba binti kakua, kavaa koti jekundu la walimu, kila asubuhi saa tatu ya kule anakusanya watoto pale chini penye viti. Saa tatu yao wakati wa baridi ni saa tano yetu. Baadaye huyo rafiki akafa.

Nilimwambia mara ngapi aandike upya? Siku hizi ni dakika moja, mzee, tunaandika hapa hapa, simu inatafsiri. Alikataa kila mara, na mara ya mwisho alikataa kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake. Alisema akiandika atajibiwa, na akijibiwa hapana, hata kutazama kutakuwa wizi. Sasa hivi hajakatazwa. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, "na mimi sikuwepo. Tuache hivi."

Tukaacha. Nikazoea kulitafuta doa jekundu kabla yake, nikimwona barabarani anakuja nasema moyoni yupo, au hayupo, kama mtu anayeangalia bei ya mahindi. Siku ambazo doa halikuonekana alikaa picha tatu, nne, kisha akasema labda kapanda juu na watoto.

Msimu uliopita macho yake yalianza ukungu, mtoto wa jicho, na nikajifunza kuikuza ile picha ili aone. Siku moja kaja, katazama, karidhika, kaondoka. Picha ilikuwa bado wazi, na mimi, kwa udadisi tu, nikaikuza zaidi ya pale tulipokuwa tunaishia. Koti jekundu lilikuwa limegeuka kuelekea kamera. Lilikuwa na ndevu. Ndevu nyingi, za mwanamume wa miaka hamsini. Nilikaa na kopi za watu mkononi nisijue za nani. Sikujua tumemtazama mtu huyo kwa misimu mingapi, na kabla yake tulimtazama nani.

Nilikasirika. Na mzee, na mpunga wa Mpimbwe, na mimi mwenyewe niliyekuwa nafungua ukurasa ule miaka yote kama anayemfungulia mtu kanisa. Usiku nisingelala, hivyo mchana uleule nikaandika. Sikumwuliza. Najua nilifanya kosa, na nikilifikiria leo bado ni kosa. Nilikuwa nachukua kitu pekee alichokuwa nacho na kukiweka mezani kama karata. Niliwaandikia walimu wa pale mlimani, kwenye ukurasa wao, kwa Kiswahili chepesi ili simu isinitafsirie upuuzi: kuna mzee hapa, alikuwa anashika viti, kila siku anaitazama kamera yenu akimtafuta binti yake, jina la binti ni hili, namba yangu ni hii.

Wiki mbili kimya. Mzee akaja kila siku saa tano, nami nikashindwa kumtazama usoni. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu yangu, namba ndefu ya nje. Alikuwa binti mwenyewe. Aliandika kwamba alifundisha watoto msimu mmoja tu, zamani, na alikuwa hapendi. Ni dereva wa basi la shule, bondeni, dakika ishirini kutoka mlimani. Aliuliza kama ni kweli baba yake anatazama kila siku. Nikajibu ni kweli, miaka tisa kwangu, kabla ya hapo sijui. Akakaa siku mbili. Halafu akaandika: "Sina la kumwambia. Lakini kamera hiyo naijua. Jumamosi saa tatu nitasimama pale."

Sikumwambia mzee. Nilijiambia sitaki kumpa tumaini ambalo huenda likapasuka, lakini ukweli ni kwamba niliogopa angekataa kuja. Jumamosi ile mvua ilikuwa imeanza alfajiri, mtaro wa mbele ya duka ukafurika, nikajua hatafika. Alifika. Alikuwa amekunja suruali mpaka magotini. "Mama, leo upo?" Upo, nikamwambia, kaa.

Picha ya saa tano kamili ilikuwa na msongamano wa kawaida wa Jumamosi, mistari ya watu, makoti mekundu matatu. Akayatazama yote matatu, akachagua moja. Nikamkatalia mteja wa kuprinti, nikamwambia wino umeisha.

Ikaja ya saa tano na dakika kumi. Katikati kabisa, mahali watu wanapopita kwenda kwenye viti, alikuwa amesimama mwanamke mwenye koti jeusi, bila mbao, mikono mfukoni. Wengine wote walikuwa wamegeukia mlima. Yeye aligeukia kwetu. Nilimkuza polepole mpaka akajaza kioo. Alikuwa mnene kidogo, wa rangi ya maji ya kunde, na paji la uso la mzee, hilo hata mimi niliyekuwa natafuta sababu ya kulia nililiona.

Mzee akasogea mbele, akakunja uso.

"Huyu mama anasimama nini hapo?" akasema. "Anazuia watu. Watamgonga."

Nikamwambia, "Mzee, ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye yeye. Nilimwandikia. Amesema atasimama ili umwone."

Hakugeuka kunitazama. Nilitegemea anifokee, na nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Alitoa leso akafuta kioo cha kompyuta, ingawa hakikuwa na vumbi, akafuta na macho yake kwa leso ileile, akatazama tena. Mvua ilikuwa inapiga. Dakika kumi ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Picha ikabadilika. Alikuwa bado yupo, palepale, na sasa theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Nywele zake zilikuwa na weupe juu, na mabega pia. Watu wawili wenye mbao walikuwa wanampita pembeni.

"Hana kofia," mzee akasema.

"Hana."

"Theluji hiyo ni ya maji. Naijua, inaingia mpaka mfupani." Akashika ukingo wa meza. "Mwambie aingie ndani. Ataumwa. Mwambie baba yako amesema uingie ndani."

Nikaandika hivyo hivyo, bila kuongeza neno, simu ikatafsiri, nikatuma. Tukaona alama kwamba imesomwa. Hakujibu. Tukakaa, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake, na wateja wawili mlangoni waliokimbia mvua, ambao hawakujua tunangoja nini lakini nao wakakitazama kioo.

Picha iliyofuata ilikuwa na mstari wa watu, jengo la mbao, na viti vikipanda. Mahali alipokuwa amesimama palikuwa patupu.

"Ametii," mzee akasema, na akaendelea kupatazama.